Mgeni wa Jumanne

Mwalimu Usumani Ndayisaba alikuwa akikaa kwanza ndipo asalimie. Aliingia darasani, akavuta kiti, akakaa, akafumba macho kidogo kama mtu aliyetua mzigo, halafu akatuamkia kwa Kiingereza nasi tukaitikia tumesimama. Mwaka 1990 alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kila siku alitoka Nyamirambo kwa miguu mpaka shuleni kwetu, shule ndogo iliyojengwa na wazazi juu ya kilima, na alipofika miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu alivyovikata ncha ili visimbane.

Mimi naitwa Umutoni. Wakati huo nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, nina miaka kumi na saba, na nilikaa Gitega, mtaa mwingine wa Kigali, na mama yangu, Mukamana, aliyekuwa akiuza maharage na mkaa mbele ya nyumba. Ninaandika habari za mwalimu wangu kwa sababu nilimfanyia jambo ambalo sikukusudia, na yeye akanifanyia jambo ambalo sikustahili.

Masomo yetu yalikuwa kwa Kifaransa. Kiingereza kilipewa saa mbili tu kwa wiki, tena mwisho wa mchana, darasa zima likiwa linasinzia kwa njaa. Mwalimu Usumani alikijua kwa sababu mjomba wake, muuza vitambaa wa Bukoba, alimchukua akiwa mtoto akamsomesha huko. Aliporudi Kigali akiwa kijana, na Kiswahili safi na Kiingereza cha kutosha, alikuta hakuna anayevihitaji. Kiswahili watu walikiita lugha ya wahuni wa sokoni. Kiingereza hawakukiita chochote. Akafundisha, basi, miaka kumi na minane, na mkewe Hawa akashona nguo, na kwa kazi hizo mbili wakaishi.

Vitabu vya kusomea vilikuwa viwili kwa wanafunzi arobaini na wawili. Habari zilizokuwamo zilihusu theluji, treni na mabibi wanaokunywa chai na mbwa wao. Tulizisoma tukabaki tunatazamana. Kwa hiyo mwalimu akawa anaandika habari zake mwenyewe. Jioni, karani wa shule akishaondoka, aliazima taipu, akapiga habari fupi kwenye stensili, na chini yake maswali matano ya ufahamu. Kisha akazungusha mashine ya kurudufu mwenyewe, akatoka na wino mpaka kwenye kola ya shati.

Alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, jibu kwa sentensi kamili. Ya pili, usiongeze jambo ambalo halimo katika habari. Alizirudia kila wiki kwa sauti ileile ya uchovu, na ukizivunja alikukata alama bila kukukasirikia.

Wiki ya mwisho ya Septemba alitupa habari iliyoitwa Mgeni wa Jumanne. Familia moja inamngojea mjomba anayetoka ng'ambo ya mto. Atafika Jumanne. Amebeba mfuko mzito. Watoto wanafagia uwanja, na mama hawaambii majirani, kwa sababu anataka kuwashtukiza kwa karamu. Maswali yaliuliza nani anakuja, siku gani, ana nini mfukoni, kwa nini mama ananyamaza, na la mwisho, unadhani nini kitatokea mgeni akifika. Mimi nilipata nne kwa tano. Nilibandika karatasi hiyo ndani ya daftari langu kwa uji wa muhogo, kwa sababu sikuwa na gundi.

Siku chache baadaye vita vikaanza. Waliovuka mpaka kutoka Uganda walikuwa Wanyarwanda waliokulia huko, na walisema Kiingereza. Usiku wa Alhamisi ya wiki ileile mji mzima ulisikia risasi, na kuanzia asubuhi watu wakaanza kukamatwa nyumba kwa nyumba.

Kwetu walifika Jumapili saa nne asubuhi. Walikuwa askari watatu na mtu mmoja wa mtaa wetu. Walimwaga maharage chini, wakapindua godoro, na mmoja wao akafungua daftari langu. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini alijua kuwa ni Kiingereza. Akauliza ni nani aliyeandika karatasi ile.

Nikajibu, "Imeandikwa na Mwalimu Usumani Ndayisaba, anayekaa Nyamirambo, nyuma ya msikiti, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani."

Aliuliza jina tu. Mengine niliyatoa mwenyewe. Hakunipiga, hakunitisha, hata hakupaza sauti. Nilikuwa nimesimama wima na mikono imenyooka kama darasani, na jibu likatoka lote. Mama alinitazama, kisha akainama kuokota maharage.

Walimchukua mwalimu mchana uleule. Hawa alinihadithia baadaye kwamba alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na wakamruhusu kuifuta.

Alikaa siku mbili kwenye uwanja wa mpira, pamoja na maelfu ya watu walioketi juani. Siku ya tatu alipelekwa kwenye ofisi moja mjini, mbele ya karani mwenye koti la kahawia aliyeitwa Gratien. Bwana Gratien alikuwa msomi wa Kifaransa. Mezani aliweka kamusi, na juu ya kamusi ile karatasi yangu, uji wa muhogo ukiwa umekauka mgongoni mwake. Hayo mwalimu alinieleza kwa vipande, miaka kadhaa baadaye, na alipoyaeleza hakuyatia chumvi. Ndiyo maana nayaamini.

Gratien alisema Kiswahili cha Kigali, kilekile cha sisi wote.

"Hii mgeni ni nani?"

"Hakuna mgeni. Ni habari ya kusoma."

"Umeandika anatoka ng'ambo ya mto. Mto gani?"

"Habari haisemi."

"Mfuko iko mzito. Iko na nini ndani?"

"Ndizi na sabuni. Ni swali la tatu."

Gratien akaandika kwamba mtuhumiwa anasema ndizi na sabuni. Kisha akampa kalamu na kumwamuru ajibu maswali yote matano kwa maandishi, kwa Kifaransa, na safari hii ayajibu kweli. Mwalimu akayajibu kwa sentensi kamili. Gratien alisoma, akakataa, akampa karatasi nyingine. Ilikuwa hivyo mpaka jioni, na kesho yake tena. Kila mara Gratien alitaka jambo ambalo halimo, na kila mara mwalimu alikosa pa kulitoa. Lililomsumbua Gratien zaidi ni lile swali la mwisho, unadhani nini kitatokea mgeni akifika. Mwalimu aliandika kwamba watakula. Alisema aliliandika jibu hilo mara thelathini na moja, na kufikia mara ya ishirini hata yeye mwenyewe lilimtia shaka.

Hakuhukumiwa wala hakusamehewa. Alipelekwa gerezani, kwenye chumba ambamo watu walipokezana kulala kwa sababu sakafu haikutosha. Mfungwa mmoja, kijana wa benki, alimwomba amfundishe Kiingereza wasipoteze siku bure. Akakataa. Alisema hakutaka kulisikia hata neno moja. Alikaa humo miezi sita. Aprili 1991 walifungua milango wakawaachia wengi kwa pamoja, naye akatembea kutoka huko hadi Nyamirambo bila viatu, maana viatu vyake vilivyokatwa ncha vilikuwa vimeibwa.

Mkuu wa shule, Bwana Twagirayezu, alimrudisha kazini, na hilo lilihitaji ushujaa. Lakini aliweka sharti: mwalimu asiandike tena habari zake. Atumie vitabu. Mwalimu akakubali. Alirudi darasani amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja, na akafungua ukurasa wa theluji.

Mimi sikuweza kumtazama. Wiki mbili nzima nilikaa dawati la nyuma na kichwa chini. Mwishoni nilimngojea nje ya ofisi ya walimu, na alipotoka nikamwambia yote, kuanzia maharage mpaka mlango wa kijani. Nilidhani hajui. Alinisikiliza huku ameegemea ukuta, akiinua mguu mmoja kisha mwingine kuupumzisha.

"Nilijua," akasema. "Karatasi ilikuwa na jina lako."

Nikasema askari aliuliza jina tu, mwalimu. Sikuulizwa nyumba.

Akaushusha mguu aliouinua. "Ni mimi niliyekufundisha kujibu hivyo. Nenda nyumbani, Umutoni, kabla mvua haijanyesha."

Hakusema kwamba amenisamehe. Nami sikuomba, kwa sababu nilimwona amechoka mno kuulizwa jambo jingine.

Miaka miwili ikapita namna hiyo. Nilimaliza shule katikati ya mwaka 1993. Agosti mwaka huo makubaliano ya amani yalitiwa saini Arusha, na kuelekea mwisho wa mwaka wakaja askari wa kigeni wenye kofia za bluu. Pamoja nao zikafunguliwa ofisi zilizotaka makarani, wapiga taipu na wakalimani. Kote ilitakiwa mitihani, na mtihani wenyewe ulikuwa habari ya kusoma na maswali ya ufahamu. Ghafla mji mzima ukataka Kiingereza. Watu ambao miaka mitatu nyuma wangevuka barabara wasisikie lugha hiyo walifika Nyamirambo kuulizia mlango wa kijani.

Mwalimu alianza kutufundisha Jumamosi, kwenye chumba cha mbele, kati ya cherehani ya Hawa na marundo ya vitambaa. Tulikuwa sita. Kwa kuwa sasa ilikuwa nyumbani kwake na si shuleni, nilimwuliza kama ataandika habari zake tena. Akasema amejaribu. Alikaa na kalamu jioni tatu. Kila alipomweka mtu njiani, alijiuliza mtu huyo anatoka wapi. Akimpa mzigo, alijiuliza mtu mwingine atasema mzigo una nini. Mwishowe alibaki na ng'ombe anayekula majani, akakosa la kuuliza juu yake. Kwa hiyo akatuagiza sisi tuandike habari, yeye asahihishe sarufi na kutunga maswali. Mimi niliandika juu ya mama na mkaa.

Jumamosi ya pili ya Desemba alikuja mtu wa saba. Alikuwa mwenye umri wa makamo, mpole, na koti la kahawia lililochakaa viwiko. Mwalimu alimtambulisha kwetu kwa sentensi moja: huyu ni Bwana Gratien, anajiandaa kwa mtihani kama ninyi. Jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Nilimsogezea benchi.

Hawa ndiye aliyenieleza. Alikuwa uani, amewasha jiko lakini hajaweka birika, ingawa kila Jumamosi alitupa chai. Akanieleza mtu yule ni nani, kwa sauti ya chini, huku anapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa. Alisema mume wake alimkuta mtu yule mlangoni Jumanne, akasimama naye kwa muda, kisha akamkaribisha ndani.

"Nimemwuliza Baba Zuhura, kwa nini?" akasema, akimwita mumewe kwa jina la binti yao aliyeolewa. "Ananiambia hana nguvu ya kumfukuza. Nguvu ya kumfundisha anayo, ya kumfukuza hana. Wewe elewa mwenyewe."

Siku hiyo hatukunywa chai.

Gratien alisoma vizuri kwa sauti, lakini majibu yake yalikuwa na kasoro moja. Kila mara aliongeza. Habari ikisema mwanamke alifunga mlango, yeye aliandika kwamba alifunga kwa sababu anaficha kitu. Mwalimu aliweka mstari mwekundu chini ya maneno hayo na kusema kwamba hayamo, asome tena. Gratien alisoma tena. Nilimtazama mwalimu nikitafuta dalili kwamba anafurahia jambo hilo, walau kidogo, na sikuiona. Alikuwa anasahihisha tu, kama alivyosahihisha kazi zetu, na katikati ya ukurasa alifuta macho kwa leso.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani Gratien alibaki nyuma, nami nilikuwa nakusanya karatasi. Alisimama karibu na mlango na kofia mkononi.

"Mwalimu, ile wakati," akasema, "ilikuwa kazi."

"Najua ilikuwa kazi."

"Walitaka karatasi kila jioni. Kama sina karatasi, mimi ndiye nitaulizwa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha akamkumbusha kwamba mtihani ni saa mbili asubuhi na afike na kalamu mbili. Gratien akaaga. Alipotoka, mwalimu alikaa juu ya rundo la vitambaa na akakaa pale muda mrefu, mpaka Hawa akaja kumwondoa kwa sababu vitambaa vilikuwa vya mteja.

Nilifaulu, nikapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi mojawapo ya wageni, nikaanza Februari 1994. Gratien alishindwa. Hakurudi tena Nyamirambo, na Hawa akasema heri, ingawa kuanzia siku hiyo alifunga komeo la mlango hata mchana.

Nilifanya kazi miezi miwili. Mwezi wa Aprili ulipofika wageni waliondoka kwa ndege, na sisi tukabaki. Kilichofuata sitakisimulia chote, kwa sababu si habari ya mwalimu peke yake, na kwa sababu sina maneno ya kukisimulia. Mama aliuawa siku ya tatu ya mauaji, mbele ya nyumba yetu. Mimi nilipita vichochoro vya Gitega alfajiri, nikavuka bonde mpaka Nyamirambo, kwa sababu nyumba ile niliijua vizuri na sikujua nyingine.

Mwalimu alifungua mlango. Hakuniuliza kitu. Aliniingiza kwenye chumba cha nyuma ambako Hawa aliweka marobota ya vitambaa, na nyuma ya marobota nikakuta tayari wako mama mmoja na binti yake. Tulikaa humo mpaka mwanzo wa Julai, waliotoka Uganda walipouteka mji. Hawa alitupikia uji mwembamba ili moshi usidumu. Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele kutwa, miguu kwenye beseni, kila mtu anayepita akimwona.

Wauaji walifika mara nne. Mara ya tatu nilisikia maneno yote, maana walisimama karibu na dirisha. Waliuliza ni watu wangapi wanaoishi katika nyumba hii.

"Wawili," mwalimu akasema. "Mimi na mke wangu."

Wakauliza ndani kuna nini. Akasema kuna vitambaa. Wakaingia, wakachukua cherehani na marobota mawili ya juu, wakaondoka. Hakuongeza neno hata moja. Jioni alikuja kutuona, akakaa chini kati yetu, na akalala pale pale kabla hajasema alichokuja kusema.

Ilikuwa katika wiki zile, kwa sauti ya chini nyuma ya marobota yaliyobaki, ndipo aliponisimulia juu ya ofisi na kamusi na majibu thelathini na moja. Nilimwuliza kama anamchukia Gratien. Akasema alimchukia gerezani, kwa bidii, kwa muda wa kama mwezi, halafu ikawa kazi nyingine juu ya kazi, akaacha. Gratien alikwenda wapi hakuna anayejua. Wengine walisema alivuka kwenda Zaire, wengine walisema aliuawa kwenye kizuizi. Mwalimu hakuulizia.

Shule ilifunguliwa tena mwishoni mwa Novemba. Bwana Twagirayezu hakuwepo, alikuwa ameuawa pamoja na familia yake. Mkuu mpya alikulia Uganda, na aliniajiri niwe msaidizi wa Mwalimu Usumani, kwa sababu kusimama mbele ya ubao kulikuwa kumeanza kumshinda. Katika darasa alilokuwa akifundisha kabla ya Aprili, waliorudi walikuwa tisa. Madawati mengine yalijazwa na vijana wageni, waliozaliwa Kampala, Masaka na Mbarara, ambao Kifaransa hawakukijua kabisa.

Siku ya kwanza tuliwapa habari ya kusoma kutoka kwenye kitabu kimoja kilichosalia. Binti mmoja wa Kampala, Lillian, alimaliza maswali yote kabla mimi sijamaliza kugawa karatasi. Wale tisa walikuwa bado kwenye aya ya kwanza. Mmoja wao aliweka kalamu chini akafunika uso. Wale wapya wakaanza kunong'ona kwa Kiingereza cha haraka, na nilielewa wanacheka matamshi ya mwalimu.

Mwalimu aliwaacha wanong'one. Kisha akamwita Lillian na kumwomba akae karibu na yule aliyefunika uso, amsomee kwa sauti, polepole, sentensi moja moja. Lillian alisita, akaona si utani, akahamisha kiti chake. Alisoma haraka mno. Mwalimu akasema polepole. Akasoma tena. Baada ya muda yule mwingine akaondoa mikono usoni na kuanza kufuata mistari kwa kidole.

Jioni tulirudi pamoja. Katikati ya mteremko mwalimu alisimama kupumzisha miguu, ameshika mkono wangu. Mji ulikuwa umejaa magari mapya na sauti zisizojulikana.

"Sasa wote wanakitaka Kiingereza," akasema. "Laiti wangekitaka nikiwa na miaka thelathini."

Nikamwuliza kama anataka nimtafutie pikipiki imfikishe nyumbani. Akasema hapana, ni karibu. Akaniambia kesho nipite sokoni kwanza nitafute chaki, maana ya shule imekwisha, na nichukue ile isiyovunjika vunjika. Kisha tukaendelea kushuka.